Mtandao ukisumbua, si mnara peke yake

Saa moja usiku Makongolosi, wachimbaji wakishatoka kwenye maduara na mialo, kila mwenye simu anawasha data. Huyu anatuma video ya mawe kwa mnunuzi aliyeko Chunya mjini, yule anatazama mpira, mwingine anatafuta bei ya dhahabu ya siku hiyo ili kesho asipunjwe. Mara kila kitu kinaganda. Alama ya kusubiri inazunguka kwenye skrini, na kauli ni ile ile ya Tanzania nzima: mtandao unasumbua. Lawama zote zinapandishwa mnarani.

Mnara una makosa yake na sina nia ya kuutetea. Ila mara nyingi hapo hakuna kilichozimika wala kilichopotea. Pakiti za data ziko salama kabisa, zimepangwa foleni ndani ya simu au ndani ya ruta ya dukani, zinasubiri zamu, kwa sababu mfumo endeshi uliozipokea haukufundishwa kukataa mzigo. Hiyo ni kasoro ya programu. Ilishagunduliwa, ikarekebishwa, na dawa yake inatolewa bure tangu 2012. Kinachoniudhi ni kwamba dawa hiyo imetumia miaka yote hii kuzunguka dunia, na vijiwe vingi vya Wi-Fi kwenye miji kama Makongolosi bado haijavifikia.

Tuondoe kwanza kisingizio cha umbali. Makongolosi hadi Chunya ni kilomita 39, Chunya hadi Mbeya 72, na kutoka Mbeya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unashuka hadi Dar es Salaam. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata tukiipa safari ya Dar kwenda na kurudi kilomita 2,000 nzima, ni milisekunde 10. Tuivushe bahari, kwa nyaya kama SEACOM iliyoanza kazi Julai 2009 au EASSy iliyofuata mwaka 2010. Kwenda London na kurudi tukadirie kilomita 26,000. Hapo ni milisekunde 130. Mnara na simu vinaongeza makumi kadhaa, na jumla haijagusa hata nusu sekunde.

Sasa jaribu hivi. Pakua programu yoyote ndogo ya kupima ping, tuma pakiti moja kila sekunde kwenda kwenye seva ya mbali, uangalie inachukua muda gani kurudi. Wi-Fi ikiwa imetulia, namba zitacheza kwenye 80, 95, 120. Mwombe jirani aliyeunganishwa kwenye ruta hiyo hiyo aanze kupandisha video ndefu. Kwenye ruta iliyowekwa kizamani utaziona namba zikipanda ngazi: 400, kisha 1,100, kisha 2,600. Pakiti zote zinarudi, hakuna hata moja iliyopotea. Jirani akiacha, sekunde chache baadaye namba zinashuka zenyewe hadi 90. Dar haikusogea hata hatua moja, na mnara ni ule ule.

Sekunde hizo mbili na nusu zilikuwa kwenye foleni. Linux, ambayo ndiyo kiini cha simu za Android na cha ruta nyingi zinazouzwa Kariakoo, kwa miaka mingi ilikuwa ikiipa njia ya kutokea foleni ya pakiti 1,000. Pakiti moja iliyojaa ina baiti 1,500, kwa hiyo foleni nzima ni baiti milioni moja na nusu, yaani biti milioni 12. Kwenye waya wa megabiti 100 kwa sekunde, mzigo huo unaisha kwa sekunde 0.12 na hakuna atakayeuona. Kwenye njia inayopandisha megabiti moja kwa sekunde, hali ambayo mtu wa Makongolosi anaifahamu vizuri, mzigo ule ule unachukua sekunde 12. Aliyechagua namba 1,000 hakuwa mjinga. Alikuwa na waya mzuri mezani kwake.

Anayefahamu karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, hahitaji somo refu hapa. Karasha lina uwezo wake wa kusaga kwa saa, na uwezo huo hauongezeki kwa kupanua uwanja wa kupokelea mifuko. Panua uwanja upokee mawe ya kila anayekuja, na hakuna jiwe litakalosagika mapema zaidi. Kinachoongezeka ni siku za mfuko kulala pale. Tena mchimbaji akiona mfuko wake umepokelewa bila maneno anaamini mambo yanakwenda, anarudi shimoni kuleta mingine. Angeambiwa mapema kwamba pamejaa, angepunguza.

TCP, itifaki inayobeba sehemu kubwa ya mawasiliano yetu, inaishi kwa kuambiwa hivyo. Mtumaji hajui upana wa njia. Anaongeza kasi kidogo kidogo hadi pakiti itupwe mahali fulani; kutupwa huko ndiyo taarifa kwamba amezidisha, naye anapunguza. Kumbukumbu za kompyuta ziliposhuka bei, watengenezaji wa vifaa wakaweka hifadhi kubwa kila kona kwa nia njema kabisa, ili pakiti isipotee. Wakawa wamemziba mtumaji masikio. Anaendelea kumimina, foleni inavimba, na ujumbe wa WhatsApp wa maneno matatu unakaa nyuma ya video ya mtu mwingine. Menyu ya pesa za simu ya *150*00# inaweza kufunguka vizuri wakati huo huo, na watu wanashangaa, lakini USSD, mfumo unaoendesha menyu hizo, haipandi gari hilo: inapita kwenye njia ya ishara za mtandao wa simu, nje ya foleni ya pakiti za data.

Si mara ya kwanza msimbo wa mfumo endeshi kuufanya waya mzima uonekane mgonjwa. Oktoba 1986, njia iliyounganisha maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, sehemu zilizoachana kwa mita 365 hivi, iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Waya haukuwa umekatika. Van Jacobson na Mike Karels walipochimba, walikuta kosa kwenye tabia ya TCP iliyokuwa ndani ya Unix ya chuo kile, 4.3BSD. Njia ikijaa, majibu yanachelewa. Majibu yakichelewa, kompyuta zinadhani pakiti zimepotea na kuzituma upya. Kutuma upya kunaijaza njia zaidi. Walibadilisha namna ya kukadiria muda wa kusubiri, wakaifundisha TCP kuanza taratibu na kurudi nyuma inapokutana na msongamano. Jacobson aliandika matokeo hayo mwaka 1988, na kila simu iliyopo Makongolosi leo inabeba mawazo yale.

Mwaka mmoja kabla ya andiko hilo, Phil Karn na Craig Partridge walikuwa wameonyesha kosa dogo zaidi, na mimi nalipenda kuliko yote. Umetuma pakiti, jibu halijaja, ukaituma tena. Sasa jibu limefika. Ni jibu la ile ya kwanza au ya pili? Huwezi kujua. Programu za wakati huo zilikisia tu, na kila kisio baya liliharibu hesabu ya muda wa safari. Walipendekeza kipimo cha pakiti iliyotumwa mara mbili kisihesabiwe kabisa, na muda wa kusubiri uliokwisha kurefushwa ubaki hivyo hadi kipimo safi kipatikane. Sentensi moja, na tatizo limekwisha. Karn alikuwa mpenzi wa redio za ridhaa, na alikuwa ameandika programu yake ya kurusha pakiti kwa redio hizo, zenye kelele na zinazopoteza pakiti ovyo. Kwenye waya safi wa maabara kosa lile lingeweza kujificha miaka.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Hitilafu za aina hii zinaonekana vizuri zaidi kwa mtu aliye mwishoni mwa njia mbovu. Dave Täht, mmoja wa waliopigana zaidi na foleni zilizovimba hadi alipofariki Aprili 2025, aliwahi kuishi Nicaragua akihangaika na mitandao ya Wi-Fi ya huko, na aliyoyaona kule hayakumtoka. Kweli, Jim Gettys, aliyelipa tatizo hili jina na kulipigia kelele mwaka 2010, alikuwa nyumbani kwake Marekani akiwa na intaneti ambayo wengi wetu tungeililia. Alikuwa ananakili mafaili na kushangaa kwa nini nyumba nzima inalalamika. Lakini hata yeye aliligundua nyumbani, kwenye njia inayojaa, wala si kwenye chumba cha seva.

Dawa ilipatikana Mei 2012. Kathleen Nichols na Van Jacobson, yule yule wa 1986, walitoa utaratibu walioupa jina CoDel. Majaribio mengi ya awali yalikuwa yakihesabu pakiti zilizo kwenye foleni, na kila mtandao ulihitaji fundi wa kuchagua namba inayoufaa. CoDel haijali urefu wa foleni. Inaweka alama ya saa kwenye kila pakiti inayoingia, na inapotoka inauliza umekaa humu muda gani. Ikiwa kwa milisekunde 100 hakuna hata pakiti moja iliyopita kwa kusubiri chini ya milisekunde 5, maana yake foleni imeota mizizi. Hapo inatupa pakiti moja makusudi, mtumaji asikie. Asiposikia, inatupa nyingine mapema zaidi, na nyingine mapema kuliko hiyo. Kwa kuwa inapima muda badala ya idadi, inafanya kazi kwenye megabiti chache za Makongolosi na kwenye megabiti elfu za Dar karibu bila kuguswa; kwenye megabiti moja tu, ile 5 hupandishwa hadi 15 hivi.

Eric Dumazet aliiandika ndani ya kiini cha Linux, kisha akaongeza jambo la pili: mazungumzo yanatenganishwa kwenye foleni ndogo ndogo, 1,024 kwa kawaida, na kila moja inapewa zamu. Ujumbe mfupi unaofika kwenye foleni tupu unatangulizwa, haulali nyuma ya video. Mseto huo, FQ-CoDel, uliingia kwenye Linux toleo la 3.5 Julai 2012, na mwaka 2018 ukachapishwa kama RFC 8290, waraka wa wazi wa itifaki za intaneti. Wi-Fi ilibaki na foleni zake za siri ndani ya viendeshi vya redio. Toke Høiland-Jørgensen wa Chuo Kikuu cha Karlstad, Sweden, akishirikiana na Täht na wengine, alizifumua, na andiko lao likatoka mwaka 2017.

Turudi dukani. Wi-Fi ya vocha imekuwa biashara ya kawaida kwenye miji yetu midogo: ruta, antena, karatasi zenye namba za siri, shilingi kadhaa kwa saa. Ruta za MikroTik kutoka Latvia zinapendwa sana kwa kazi hiyo kwa sababu zina mfumo wa vocha ndani yake. Mfumo endeshi wake, RouterOS, katika toleo la 6 umejengwa juu ya Linux 3.3.5. Angalia namba vizuri. FQ-CoDel iliingia kwenye 3.5. Ruta ya toleo la 6 imepitwa na dawa kwa miezi michache ya mwaka 2012, ikabaki hivyo miaka karibu kumi, hadi toleo la 7.1 lilipotoka Desemba 2021 likiwa na kiini kipya zaidi, FQ-CoDel na ndugu yake CAKE. Kutoka 6 kwenda 7 hakulipiwi. Lakini mwenye duka, wateja wakimuuliza "bosi, neti yako leo vipi?", ananunua kifurushi kikubwa zaidi. Kwa nini asisasishe? Kwanza hajui. Pili, ruta iliwekwa na fundi kutoka Mbeya aliyeondoka na nywila yake. Tatu, anaogopa, na hofu hiyo siidharau hata kidogo: sasisho likikwama katikati, hana mauzo hadi fundi apande gari.

Kwenye simu sababu ni nyingine, nayo ni pesa. Sasisho la mfumo wa simu linaweza kuwa gigabaiti nzima au zaidi. Mtu anayenunua bando la siku atalizima bila kujiuliza mara mbili. Tena simu ya bei nafuu hutoka kiwandani na kiini cha Linux cha mwaka fulani, na kama mtengenezaji hapeleki viraka, inabaki nacho hadi ife. Mwaka 2023 wasimamizi wa Linux walitangaza kupunguza muda wa kuyahudumia matoleo ya muda mrefu kutoka miaka 6 hadi 2. Uamuzi huo nauelewa, wahudumu ni wachache na wamechoka. Lakini anayeumia ni mwenye simu iliyopita mikono mitatu.

Na kuna viraka ambavyo kuvikosa si suala la kuganda tu. Juni 2019 Jonathan Looney wa Netflix alitangaza hitilafu iliyokuwa imekaa kwenye Linux tangu toleo la 2.6.29 la mwaka 2009. Ukiifungua, inakuwa hesabu ya darasa la saba. Pakiti zilizotumwa zikisubiri kuthibitishwa, kiini huziunganisha kwenye fungu moja lenye vipande visivyozidi 17, kila kimoja hadi kilobaiti 32. Idadi ya sehemu za fungu hilo inaandikwa kwenye kihesabio cha biti 16, ambacho ukomo wake ni 65,535. Kwa kawaida hakuna shida. Sasa aje mtu wa mbali aseme: mimi napokea pakiti ndogo kabisa, za nafasi ya baiti 48. Baada ya kutoa zinazoliwa na vichwa vya pakiti, zinabaki 8 za data. Chukua 17 mara 32 mara 1,024, gawanya kwa 8: unapata 69,632. Kihesabio kinafurika, kiini kinagundua kwamba hesabu zake hazina maana, kinajizima. Seva nzima inaanguka kwa sababu ya pakiti chache kutoka kwa mtu asiye na nywila wala ruhusa yoyote. Kiraka kilikuwa cha mistari michache: kabla ya kuunganisha, hakikisha jumla haitapita ukomo. Miaka 10 wataalamu wa dunia walipita juu ya mistari hiyo. Seva inayotoa namba ya malipo kwa mfanyabiashara wa Makongolosi, popote ilipo, ina usalama sawa na tarehe ya mwisho ya kusasishwa kwake.

Kazi ya kutafuta vitu hivi haihitaji Marekani. Mwaka 2017 Nairobi na mwaka 2019 Kampala, kwenye Mkutano wa Intaneti wa Afrika, vijana waliketi kwa siku kadhaa kuandika msimbo wa itifaki za mtandao. Loganaden Velvindron wa Mauritius ni mmoja wa waandishi wa RFC 9155 ya mwaka 2021, inayoondoa sahihi dhaifu kwenye usimbaji wa mawasiliano. Ila ukitafuta wanaowasilisha kasoro za foleni kutoka kwenye minara ya vijijini kwetu, wenye kuumia ndio wasiosikika, na hilo ndilo nadhani ni upungufu hasa, kuliko uhaba wa waandishi wa programu.

Ripoti inayosikilizwa haiandikwi kwa hasira. Inataka toleo la kiini cha mfumo, aina ya kadi ya mtandao au modemu, hatua za kurudia tatizo, na ushahidi wa pakiti zenyewe. Ushahidi huo unanaswa kwa tcpdump, programu iliyoandikwa na Jacobson na wenzake wa maabara ile ile ya Berkeley, na ipo bure hadi leo. Inaonyesha kila pakiti ilitoka saa ngapi, jibu lake lilirudi saa ngapi, na ipi ilitumwa mara mbili. Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, git, programu inayotunza historia ya msimbo, ina njia ya kugawa historia hiyo nusu kwa nusu: mabadiliko 1,000 yanapimwa kwa takriban majaribio 10, na badiliko lenye kosa linabaki peke yake. Kiraka cha kurekebisha kinatakiwa kitaje badiliko hilo, na aliyekiandika aweke jina lake. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha MUST jijini Mbeya akiwa na kompyuta mpakato ya mtumba na laini mbili za simu ana maabara bora kuliko ya mtu aliyezungukwa na nyaya za gigabiti, kwa sababu akitaka njia inayojaa anapanda basi la Chunya.

Kwa mwenye Wi-Fi ya vocha, hatua ni chache. Chukua nakala ya mipangilio kwanza. Sasisha mchana wateja wakiwa wachache na fundi akiwa karibu. Kisha chagua FQ-CoDel au CAKE kwenye foleni ya kutokea, na uiwekee ukomo chini kidogo ya kasi halisi ya njia yako, tuseme asilimia 85 hadi 90. Watu wanaona kama kujinyima. Lakini ukimimina kasi yote, foleni inahamia kwenye modemu au mnarani ambako huna mamlaka; ukibana kidogo, inabaki kwenye ruta yako, nayo inajua kuipanga.

Dawa hii ina mpaka wake. Kasi ya laini ya simu inapanda na kushuka dakika hadi dakika, kwa hiyo ukomo uliowekwa asubuhi unaweza kuwa mkubwa mno saa moja usiku mnara ukielemewa, na hapo foleni inavimba tena, safari hii ndani ya vifaa vya kampuni ya simu. Wapo wanaoandika programu za kupima ping mfululizo na kubadilisha ukomo huo kila wakati. Zinafanya kazi kwenye ruta zenye OpenWrt, mfumo endeshi huria wa ruta. Zinahitaji kupimwa kwenye minara yenye watu wengi na njia nyembamba, saa ambayo kila mtu amewasha data, na namba hizo zipelekwe kwa wanaoziandika zikiwa na tarehe, saa na toleo la kiini.